Waifai ya bure, bando la bei nafuu au mtandao wa mtaa: Mombasa tudai ipi?

Msimamo wangu nauweka mbele ili msomaji asinitafute katikati ya maneno. Siamini kwamba serikali, iwe ya Nairobi au ya kaunti, itaweza kumpa kila mtu intaneti ya bure ya kila kitu, usiku na mchana, na jambo hilo likadumu. Papo hapo naamini kuna sehemu ya intaneti ambayo kumlipisha mwananchi ni kumdhulumu: ile anayolazimishwa na serikali yenyewe kuitumia. Kati ya ncha hizo mbili kuna njia kadhaa, na tukizichanganya tutaishia kudai kisichowezekana na kukosa hata kinachowezekana.

Nafanya kazi kwenye saiba Majengo. Kutwa napokea watu wenye simu mkononi ambao wamekuja kwangu kwa sababu bando limekwisha, au ukurasa haufunguki, au hawajui pa kubofya. Kwa hiyo nalinganisha njia hizi nikiwawaza wao, si mwenye faiba, ile intaneti ya waya wa kasi, sebuleni kwake Nyali. Kila njia naiuliza mambo matatu: inamfikia nani, nani anailipia uzinduzi ukishapita, na nani ameshika swichi ya kuizima.

Kebo zinapandia kwetu, bei haitujui

Hadi 2009 intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti, ghali na ya kusuasua. Mwaka huo ikaingia TEAMS, kebo ya chini ya bahari iliyosukumwa na serikali ya Kenya, kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu hadi Mombasa. SEACOM ikafika mwaka huo huo, EASSy ikafuata 2010, LION2 ikaja 2012, na nyingine zimeongezeka tangu hapo. Sehemu kubwa ya mtandao unaotumiwa Nairobi na Kampala hutoka baharini na kupanda nchi kavu hapa kwetu. Watu huuliza, na wana haki ya kuuliza: mbona sisi tunanunua bando kwa bei ile ile ya mtu wa Kitale?

Ni kwa sababu kuvuka bahari siku hizi si ndiko kunakogharimu sana. Pesa nyingi zinaliwa na kipande cha mwisho, kile cha kutoka barabarani hadi kwenye simu yako: mnara, stima ya mnara na dizeli ya jenereta yake, leseni ya masafa, faiba ya kuchimbiwa ardhini, mshahara wa fundi. Halafu kodi. Kila bando lina ushuru wa bidhaa wa asilimia 15 na VAT ya asilimia 16. Ushuru huo uliwekwa kwenye data mwaka 2018 kwa asilimia 15, ukapandishwa hadi 20 mwaka 2021, ukarudishwa 15 mwaka 2023. Ukinunua bando la shilingi 100, karibu robo yake si intaneti, ni kodi. Hili nalitanguliza makusudi, maana mkono unaotuahidi waifai ya bure stegini ndio huo huo unaochukua robo ya bando la mtu chumbani kwake.

Waifai ya bure ya serikali

Hii ndiyo inayopigiwa makofi. Serikali iliyoingia 2022 iliahidi vituo 25,000 vya waifai ya bure kote nchini, kilomita 100,000 za faiba, na vituo vya kidijitali 1,450, yaani kimoja kwa kila wadi. Ahadi yenyewe si mbaya. Kijana anayetafuta kazi za mtandaoni, mwanafunzi wa chuo anayepakua somo, mama lishe anayetaka kumtumia bintiye video Jeddah, wote hao wakikuta waifai inayofanya kazi karibu nao, siku yao inabadilika.

Tatizo ni mahali na hesabu. Kifaa cha waifai cha kawaida kinafika mita 50 hivi, pengine 100 pakiwa wazi na hakuna kizuizi. Mji wa Kale kuta ni za mawe ya matumbawe, unene unaokaribia nusu mita, vichochoro vinapinda kila hatua chache. Kifaa kilichofungwa kwenye nguzo ya kona hii hakionekani kona ya pili. Na sisi wa pwani tuna adui mwingine asiyejulikana Nakuru: chumvi. Kifaa kikikaa nje kuelekea bahari bila kasha zuri, viungio vyake vinashika kutu kabla mkataba wa matengenezo haujamalizika kujadiliwa.

Hesabu nayo ni hii. Chukua laini ya Mbps 50 (Mbps ni kipimo cha kasi ya intaneti), ambayo kwa kituo cha umma si ndogo. Jioni watu 100 wakiingia kwa pamoja, kila mmoja anabakiwa na nusu Mbps. Hiyo inasukuma ujumbe wa WhatsApp na ukurasa mwepesi, lakini somo la video litakwama. Wawili watatu wakianza kupakua filamu, wengine wote wamekwisha. Ndiyo maana vituo kama hivi huwekewa kikomo cha muda au cha MB, na kikomo kikiwekwa watu husema wamedanganywa. Hawajadanganywa, ila waliahidiwa bila kuambiwa hesabu.

Lakini linaloniuma zaidi ni nani anayeweza kusimama pale. Pita sehemu yoyote ya mjini yenye waifai ya wazi saa mbili usiku. Utakuta vijana wa kiume wamejipanga ukutani, simu usoni, mmoja ameunganisha chaja kwenye soketi ya kibanda cha jirani. Wasichana hawapo. Binti wa Bondeni haendi kukaa kwenye kiambaza cha barabara usiku ili apakue kazi ya shule, na mamake hamruhusu, na mimi simlaumu mamake. Mzee mwenye miguu mibovu hayupo. Mtu wa kiti cha magurudumu hayupo. Huduma imeitwa ya wote, lakini inamfikia mwenye muda, mwenye miguu na asiyeogopa giza.

Ndiyo maana, kama pesa ni hizo hizo, naona ni heri ziende kwenye kituo cha ndani kuliko nguzo ya nje: maktaba, jumba la jamii la wadi, zahanati, shule wakati wa likizo. Mahali penye paa, kiti, choo, soketi na mtu wa kuuliza. Kituo kimoja cha namna hiyo Mtongwe kinafaa kuliko nguzo kumi kwenye lami.

Wenzetu wamejaribu, na yaliyowakuta yanafundisha. New York mwaka 2016 iliondoa simu za barabarani ikaweka vibanda vya LinkNYC, waifai ya bure inayolipiwa na matangazo. Vibanda vilikuwa na skrini za kuperuzi. Katika mwaka ule ule ikabidi kazi hiyo izimwe kwa sababu watu walikuwa wanajikalia hapo saa nzima, wengine wakitazama ya aibu hadharani. Waifai yenyewe ilibaki, lakini mapato ya matangazo hayakufika yalikotarajiwa. Kama matangazo hayakutosha barabara za New York, sioni yatakavyotosha Changamwe.

Jimbo la Kerala, India, lilikwenda njia nyingine. Mwaka 2023 lilizindua KFON, mtandao wa faiba wa serikali ya jimbo unaopita kwenye nguzo za shirika lake la umeme, kwa lengo la kuwapa bure familia maskini milioni 2. Awamu ya kwanza ilipangiwa familia 14,000. Ukitazama pengo kati ya tarakimu hizo mbili utaona ukubwa wa kazi. Ila nawasifu kwa jambo moja: walichagua nyumba za maskini, ambako binti naye yupo, badala ya stendi.

Na swichi? Tarehe 25 Juni 2024, siku ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, intaneti ilidorora nchi nzima. Novemba 2023, na tena Novemba 2024, Telegram ilifungwa wakati wa mtihani wa KCSE. Yote hayo yalitokea kwenye mitandao ya kampuni tunazozilipa. Mtandao ambao serikali inaumiliki, inaulipia na inauendesha yenyewe hauwezi kuwa mlango wa pekee wa mtu yeyote. Uwe wa nyongeza.

Bure ya kampuni

Hapa sitakaa sana. Novemba 2014 Facebook ilileta Kenya huduma yake iliyokuja kuitwa Free Basics, kupitia Airtel: tovuti chache zilizochaguliwa, bila kutozwa data. India mwaka 2016 iliipiga marufuku kwa kukataza bei tofauti kwa maudhui tofauti, na naona India ilifanya vyema. Anayekupa tovuti ishirini bure amekuamulia dunia yako ina tovuti ishirini.

Mabaki ya mpango huo tunayo hadi leo kwenye bando za WhatsApp peke yake. Mtu anatumiwa habari yenye kiungo. Kichwa kinasema jambo la kutisha. Akibofya, ukurasa haufunguki kwa sababu bando lake haliruhusu kutoka WhatsApp. Basi anaamini kichwa na kukisambaza. Nimewaona watu wazima, wenye akili zao timamu, wakigombana barazani juu ya habari ambayo hakuna hata mmoja aliyeweza kuifungua. Kama bei ya bure ni hiyo, mimi nalipa.

Bando la bei nafuu

Kuna kisa kimoja cha India ambacho kila anayepigania waifai ya bure anapaswa kukijua. Google ilianza mwaka 2016 kuweka waifai ya bure kwenye vituo vya treni, ikafika vituo zaidi ya 400. Ilikuwa nzuri, ya kasi, na ilitumiwa na mamilioni. Mwaka 2020 Google ikatangaza kuufunga mradi, na sababu waliyotoa ni kwamba bando za simu zilikuwa zimeshuka bei kiasi kwamba watu hawakuihitaji tena kama zamani. Mwaka ule ule wa 2016 kampuni mpya, Jio, ilikuwa imeingia sokoni na bei ya data ikaporomoka nchi nzima.

Kwa hiyo bei ya chini ilifanya kile ambacho bure haikuweza: ilimfuata mtu nyumbani, shambani, kitandani. Binti asiyeweza kwenda kituo cha treni usiku naye alipata.

Ndiyo maana kati ya mambo ya kudai, kushusha ushuru wa data nakuweka juu kuliko nguzo za waifai. Umoja wa Mataifa, kupitia kamisheni yake ya intaneti ya kasi, uliweka lengo kwamba bando la msingi lisizidi asilimia 2 ya pato la wastani la mtu kwa mwezi. Lengo hilo linaweza kutimia kwenye karatasi na bado mpagazi wa Kongowea asilione, kwa sababu pato la wastani si pato lake.

Na kuna dhulma nyingine ndani ya bando ambayo haizungumzwi vya kutosha. Maskini hununua kidogo kidogo, na kidogo kidogo ndiyo ghali. Bando la saa moja, bando la hadi saa sita za usiku. Hulimalizi, linakufa, kesho unanunua jingine. Tufanye hesabu ya mtu wa Bangladesh, ile ya kwetu Jomvu, anayetia shilingi 20 kila siku: kwa mwezi ni 600. Familia ya watu watano yenye faiba ya shilingi 3,000 hivi kwa mwezi inatumia 600 kwa kila mtu pia. Tofauti ni kwamba wale watano hawahesabu MB wala hawatazami saa, na huyu wa Jomvu anazima data kila anapomaliza kusoma ujumbe mmoja. Ni kama maji: mwenye bomba huoga na kufua na bei yake iko chini, anayenunua mtungi wa mkokoteni hulipa zaidi kwa kila lita na bado ananawa uso tu.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba haimfikii asiye na kitu kabisa. Shilingi 20 kwa asiye na nauli ya kurudi nyumbani si bei nafuu, ni chakula. Wala haimpi mtu simu. Mwenye kabambe, ile simu ya vitufe isiyo na intaneti, hafaidiki na bando la bei yoyote.

Mtandao wa mtaa

Hii ndiyo inayotumika hasa mitaani kwetu kwa sasa, na wakubwa hawaitaji. Kijana ananunua laini ya faiba au ya mnara, anafunga ruta juu ya paa, anavuta nyaya kwa majirani au anauza waifai kwa saa. Unamtumia pesa kidogo kwa M-Pesa, unapata namba ya siri, unaingia. Kisauni iko, Mikindani iko, Likoni iko.

Namna iliyo rahisi kuliko zote haihitaji hata biashara. Nyumba ya Kiswahili ya Majengo ina vyumba sita na ukumbi katikati. Wapangaji sita wakikubaliana kuchukua faiba ya 3,000, ruta ikakaa ukumbini, kila chumba kinalipa 500 kwa mwezi. Ni chini ya yule wa Jomvu na bando zake za 20, na kila chumba kina watoto wawili watatu. Saa za jioni itakuwa nzito kidogo. Nywila ikitoka nje ya nyumba itakuwa nzito zaidi, kwa hiyo mpeni mtu mmoja jukumu la kuibadilisha kila mwezi, na huyo huyo ndiye akusanye pesa. Nyumba ninazozijua zilizofaulu zina mtu wa namna hiyo, mara nyingi mama mmoja asiyetaka mchezo na pesa za watu. Zilizoshindwa zilishindwa kwa deni la chumba kimoja, kamwe si kwa ruta.

Kugawana na wapangaji wenzako ni jambo moja, kuuzia mtaa ni jingine. Anayeuza anahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na mkataba wake na kampuni unaweza kuwa unamkataza kuuza tena. Mwaka 2021 Mamlaka ilitoa utaratibu wa leseni ya mitandao ya jamii, iliyo nafuu kuliko leseni za kampuni, kwa vikundi visivyoendeshwa kwa faida. Kibera kuna TunapandaNET, mtandao wa jamii unaounganisha shule na vituo vya vijana. Kikundi cha vijana cha Mombasa chenye usajili na akaunti ya benki kinaweza kufuata njia hiyo hiyo, na kama kaunti inataka kutumia pesa vizuri, iwalipie hao laini kubwa moja na nguzo za kufungia vifaa.

Ubaya wake uko wazi. Mtandao mzima unamtegemea kijana mmoja anayepanda mapaa. Akipata kazi Doha, mtaa umezimika. Tena yeye ndiye anayeona nani ameingia saa ngapi na anatembelea tovuti zipi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamhusu yeye kama inavyoihusu benki, lakini sijaona anayemfundisha. Muulize. Akikasirika kuulizwa, tafuta mwingine.

Kinachopaswa kuwa bure kabisa, kwa kila mtu

Sasa nifike kwenye lile ninalolishikilia.

Mama mmoja wa Likoni alifika kwangu mchana, jasho linamtoka, amevuka feri na kupanda matatu. Mwanawe amepata kazi ya ulinzi Ghuba na wakala anataka cheti cha mwenendo mwema kabla ya Ijumaa. Walikuwa wameanza kuomba kwa simu usiku uliopita, kwa bando la hadi saa sita. Akaunti ikafunguliwa. Namba ya kuthibitisha ikaja. Wakajaza majina, wakajaza kitambulisho, wakafika kwenye malipo, na hapo duara likaanza kuzunguka katikati ya skrini. Bando lilikuwa limekwisha. Waliponunua jingine, ukurasa ulikuwa umewatoa nje na kuwarudisha mwanzo. Wakajaza tena, likaisha tena. Pesa za cheti, zaidi ya shilingi 1,000, alikuwa nazo zimekunjwa kwenye kanga. Zilizokwisha ni za njiani.

Akaniambia, "Mwanangu, ada ya cheti sikatai. Lakini mbona nalipa hata kugonga mlango?"

Nilimaliza ombi lake kwa muda mfupi, nikamchapishia karatasi, akaenda kumfuata mwanawe ili waende pamoja kuchukuliwa alama za vidole, maana vidole bado havipelekwi kwa mtandao. Swali lake sikuwa na jibu lake, na sina hadi leo.

Zamani ungeweza kwenda ofisini kwa miguu, ukapanga foleni, ukajaza fomu. Ilichosha, lakini mlango wenyewe haukuwa na tozo. Tangu 2014 eCitizen imekuwa ikikusanya huduma moja baada ya nyingine, na sasa ni maelfu: pasipoti, leseni ya kuendesha, vyeti vya kuzaliwa. Kodi ni iTax. Chuo ni KUCCPS, mkopo wa masomo ni HELB. Hata asiye na kipato anatakiwa kuwasilisha taarifa tupu ya kodi kabla ya Juni 30, la sivyo faini ni shilingi 2,000. Njoo saiba yoyote ya Mombasa usiku wa Juni 30 uone foleni ya watu wasiopata kitu wakilipa ili waseme hawapati kitu.

Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kama habari hizo na huduma hizo zimehamishiwa mtandaoni, basi njia ya kuzifikia iwe bila malipo kwenye laini yoyote, simu yoyote, hata ikiwa haina kredo. Jambo hili si geni. Namba za dharura 999 na 112 zinapigwa bila kredo. Namba za 0800 zinalipiwa na anayepigiwa. Intaneti inaweza kufanywa vivyo hivyo: kampuni inatambua kwamba unaelekea tovuti ya huduma ya umma na haikukati MB.

Mtu atasema hii ni Free Basics iliyovaa kofia ya serikali. Sikubaliani. Kampuni ilipochagua tovuti, ilikuwa inajitafutia wateja na kuwabagua washindani. Hapa hakuna mshindani: pasipoti ya Kenya haitolewi na mwingine. Sharti ni orodha hiyo iwe ya huduma za lazima tu na ichapishwe hadharani. Siku itakapoingizwa tovuti ya chama cha siasa au gazeti linalosifu wakubwa, tuipinge.

Pesa za kuanzia zipo. Kuna Mfuko wa Huduma kwa Wote, ambamo kampuni za mawasiliano zenye leseni huchangia asilimia 0.5 ya mapato yao ya mwaka, na kazi yake ni kuwafikia wale ambao soko halitawafikia. Kurasa za serikali si video, data yake ni ndogo. 

Kuna mtego mmoja wa kiufundi ambao lazima utajwe kwenye madai yoyote, la sivyo tutapewa bure isiyofanya kazi. Ukurasa mmoja huvuta vipande kutoka seva za watu wengine: herufi, picha, kile kisanduku cha kuthibitisha kwamba wewe si roboti, ukurasa wa malipo. Kampuni ikiifungua tovuti kuu peke yake na kuacha vipande hivyo, utaona kichwa cha ukurasa na kitufe kisichobonyezeka. Kwa hiyo tudai mchakato mzima uwe bure, kutoka kuingia hadi risiti. Tena tudai kurasa nyepesi. M-Pesa imetumika tangu 2007 kwenye simu zisizo na intaneti. SHA, bima ya afya ya serikali, unaweza kujisajili kwa *147# bila MB hata moja. Huduma ambayo inaweza kwenda kwa njia hiyo isilazimishwe kwenda kwa nyingine.

Saiba yetu itapoteza baadhi ya wateja, naam. Watakaobaki ni wale wanaohitaji mtu wa kuwaonyesha, na hao ni wengi kuliko mnavyodhani.

Basi nani achague nini

Finland mara nyingi hutajwa kama nchi iliyofanya intaneti kuwa haki. Ni kweli, tangu Julai 2010 kila mkazi ana haki ya kisheria ya kuunganishwa, mwanzoni kwa Mbps 1 na baadaye zaidi, lakini analipa, kwa bei inayostahimilika. Walichokidhamini ni kwamba hakuna atakayeambiwa "kwenu hatufiki". Mimi ningeridhika na hicho kwa intaneti ya kawaida, ikiambatana na bure ya huduma za serikali.

Kama wewe ni mpangaji nyumba ya vyumba vingi, usisubiri mtu. Gawaneni faiba mwezi huu. Kama uko kwenye kikundi cha vijana chenye usajili, ulizeni leseni ya mtandao wa jamii kabla ya kununua ruta, na mchague watu wawili wanaojua mfumo, asiwe mmoja. Kama una watoto wa shule na huna uwezo wa faiba, dai kituo cha ndani chenye paa kwenye wadi yako, chenye saa za wasichana na wanawake, na kifunguliwe Jumamosi.

Kama unaandika maoni ya bajeti ya kaunti, usiandike "tunaomba waifai ya bure". Andika kituo kiwekwe jengo gani, laini iwe ya Mbps ngapi, stima italipwa na idara ipi, na kiasi gani kimetengwa kwa matengenezo ya mwaka wa pili na wa tatu. Mradi usio na pesa ya mwaka wa pili upigwe kalamu. Ushuru wa data na ada za kufikia huduma za serikali haviko mikononi mwa kaunti, hayo ni ya Bunge, na Mswada wa Fedha huja kila mwaka kabla ya Juni. Mbunge wako wa Mvita, Likoni, Nyali, Kisauni, Jomvu au Changamwe ana kura pale. Mpelekee kwa maandishi, ukitaja kwamba kila tovuti ambayo sheria inamlazimisha mwananchi kuitumia ifunguke bila kredo, kutoka ukurasa wa kwanza hadi risiti.